Pesa Hii Ni ya Nini, Fundi?

Nilikuwa nimekwisha kurudisha futi mfukoni, na vipimo vya kabati la ukutani vilikuwa tayari vimeandikwa nyuma ya kipande cha msasa, pale mama mwenye nyumba aliponiuliza kianzio ni kiasi gani. Nilimjibu kama ninavyowajibu wote: nusu sasa, nusu kazi ikiisha. Aliingia chumbani, akarudi na bahasha, akaiweka mezani mbele yangu, lakini mkono wake akauacha juu ya bahasha.

"Pesa hii ni ya nini, fundi?"

Nilimwambia ni ya kianzio, mama.

"Kwamba ni kianzio najua. Nakuuliza ni ya nini. Ni ya mbao, ni ya jasho lako, au ni ya kunifunga mimi nisimwite fundi mwingine?"

Nilicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta muda, nikasema ni ya hayo yote. Hakucheka. Alisema kwamba kama ni ya yote matatu, basi nimwandikie pale pale kila moja limechukua ngapi. Nilishika penseli. Nikaitazama karatasi. Baada ya miaka yote hii ya kupokea vianzio sikuwa na namba hata moja ya kuandika, na nikamwahidi kwamba nitamletea hesabu kesho. Aliichukua bahasha akasema na yeye ataitunza hadi kesho.

Kesho hiyo ilichukua wiki tano.

## Nusu kwa nusu

Kanuni ya nusu kwa nusu niliirithi kwa fundi aliyenifundisha kazi, na sikumwuliza yeye aliipata wapi, kama ambavyo sikumwuliza kwa nini penseli hukaa sikio la kulia. Ni kanuni nyepesi kuitamka, haihitaji kikokotoo, na husikika kama haki kwa sababu kila upande unabeba mzigo unaolingana na wa mwenzake. Usiku ule niliichukua kazi moja niliyokuwa nimeimaliza karibuni, kabati la nguo la milango minne, nikaigawa bei yake katika mafungu 100. Mbao, plaiwudi, bawaba, reli za droo, gundi na vanishi vilikuwa vimekula mafungu 55. Usafiri, umeme, kunoa misumeno na kodi ya karakana vilichukua 10. Yaliyobaki, 35, ndiyo yaliyokuwa ya mikono yangu na ya msaidizi wangu, pamoja na faida yote niliyotarajia.

Maana yake ni kwamba nilipopokea 50 nilikuwa nimekwisha kupungukiwa na 5 kabla sijauwasha msumeno. Hizo tano nilizitoa wapi? Swali hilo niliruka, si kwa kutojua jibu lake, bali kwa kulijua.

Niliendelea na hesabu nyingine, ya nani anamdai nani kila siku ya kazi. Siku ya kwanza mteja ametoa 50, na mkononi hana hata kijiti. Alichonacho ni ahadi yangu na namba yangu ya simu. Siku mbao zinapoingia karakana mizani hukaa sawa kwa muda mfupi. Kuanzia hapo, kila saa ninayofanya kazi mimi ndiye ninayemkopesha mteja, na jioni ninapokaza skrubu ya mwisho nimekwisha kutumia 100 na kulipwa 50. Kabati hilo limekatwa kwa kufuata ukuta wake yeye, ukuta ambao hauna kona hata moja yenye nyuzi 90 kamili, na halitaingia katika nyumba ya mtu mwingine yeyote. Nikilibandua, ninabandua kuni.

Kwa hiyo katika nusu kwa nusu kuna vipindi viwili vya hofu, cha kwanza ni cha mteja na cha pili ni changu, na kila mmoja wetu hujitahidi kufupisha kile cha kwake kwa kumrefushia mwenzake. Mteja huvuta siku za kutoa kianzio. Mimi huvuta siku za kufunga mlango wa mwisho. Naona aibu kuandika, lakini nimewahi kuuacha mlango mmoja karakana kwa makusudi, umekamilika na umekwisha kupakwa vanishi, huku nikimweleza mteja kwamba bawaba za aina ile zimekwisha dukani. Bawaba zilikuwa mfukoni mwangu.

## Arabuni

Lugha yetu ina neno la zamani la pesa ya aina hii. Ni arabuni, lililotoka katika Kiarabu, na lenye ndugu zake katika Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa wafanyabiashara wa pande zile walilibeba bandari hadi bandari pamoja na shehena zao. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekutana nalo katika nyaraka za Paulo, anapoandika kwamba Roho ni arabuni ya urithi. Kwangu lina kasoro moja tu: sikio langu haliwezi kulisikia bila kusikia pia kitenzi kurubuni.

Nilianza kulifuatilia neno hilo nikidhani ninaburudisha akili, kumbe ndilo lililonifungua macho. Wanazuoni wa Kiislamu wamebishana juu ya arabuni kwa karne nyingi, na swali lao ni lile lile la yule mama, ila limevaa kanzu. Mnunuzi akitoa arabuni kisha akaghairi, je, ni halali muuzaji abaki nayo? Wengi, yaani wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii, walisema si halali, kwa sababu muuzaji atakuwa amekula mali ya mwenzake bila kumpa chochote badala yake. Wahanbali, wa madhehebu ya nne, waliruhusu, na moja ya hoja zao ni habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya kufanywa gereza katika zama za khalifa Umar: Umar akiridhia, biashara imekamilika, asiporidhia, mwenye nyumba atabaki na kiasi fulani walichokubaliana. Alichouza mwenye nyumba yule, hata kama nyumba ingebaki kwake, ni kule kusubiri. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei, liliona kwamba arabuni inafaa, kwa masharti kwamba muda wa kusubiri uwekwe wazi na kwamba mnunuzi akikamilisha ununuzi arabuni ihesabiwe ndani ya bei.

Nilisoma jambo hilo nikaiona hitilafu yangu. Mimi nilikuwa ninauza kusubiri bila kuuwekea muda, na nilikuwa nikiita kwa jina moja pesa ya kusubiri na pesa ya mbao, ambazo ni pesa mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kusubiri, mteja akighairi siku za mwisho, kuna haki fulani nibaki nayo, maana siku zile nimewakatalia wengine. Ya mbao ambazo bado hazijanunuliwa haina haki hiyo hata chembe.

Wafaransa wao wana majina mawili na sheria mbili. Kiasi kinachoitwa *acompte* ni sehemu ya bei iliyolipwa mapema, na akishaitoa mtu, hakuna upande wenye ruhusa ya kurudi nyuma. Kinachoitwa *arrhes*, neno la ukoo ule ule wa arabuni, humwachia kila mmoja mlango wa kutokea, lakini kwa gharama: kifungu cha 1590 cha Sheria ya Kiraia yao, ya mwaka 1804, kinasema kwamba aliyetoa akighairi anaipoteza, na aliyepokea akighairi anarudisha mara mbili.

Mara mbili.

Niliwahi kughairi kazi mimi. Nilipata kazi kubwa zaidi, nikamrudishia mteja wa kazi ndogo kianzio chake kwa awamu tatu, miezi miwili mizima, na siku ya awamu ya mwisho nilijiona mtu mwaminifu, hata nikatarajia anishukuru. Ingekuwa ni lazima nirudishe mara mbili, sidhani kama ile kazi kubwa ingeonekana kubwa kiasi kile.

Sheria iliyoniudhi kuliko zote ni ya jimbo la California, Marekani, ambako kwa kawaida mkandarasi wa ukarabati wa nyumba haruhusiwi kuchukua malipo ya kutangulia yanayozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, na baada ya hapo hawezi kudai malipo yanayozidi thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika au vifaa vilivyokwisha kufikishwa. Nilikasirika kana kwamba nimeandikiwa mimi. Asilimia 10 itanunua nini? Mbao zinakopeshwa na nani? Nilizunguka karakana nikibishana na watunga sheria wasionifahamu, hadi nikagundua kwamba kila hoja niliyoitoa ilikuwa na maana moja: sina mtaji, na mtaji wangu ni mteja.

## Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari ninalo. Lina vipimo vya kila kazi hadi milimita. Pesa hazimo.

Jumamosi moja nilikaa na mke wangu, ambaye ana subira na namba kuliko mimi, tukaandika kazi zote zilizokuwa wazi. Zilikuwa saba. Mbele ya kila kazi tuliandika kianzio kilichopokelewa, kisha vifaa vilivyokwisha kununuliwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa, kisha kazi iliyokwisha kufanyika. Safu ya kwanza ilijaa. Safu ya pili ilikuwa na mashimo. Pesa ya makabati ya jikoni ilikuwa imenunua mbao za meza ya mwalimu mmoja; pesa ya mwalimu ilikuwa imemlipa msaidizi wangu kwa kazi ya vitanda; pesa ya vitanda ilikuwa imetengeneza mota ya msumeno, ambayo ni kweli iliungua, lakini haikuungua kwa kosa la mwenye vitanda. Tulijumlisha kile ambacho ningepaswa kurudisha iwapo wateja wote saba wangekuja Jumatatu kudai kilicho chao, tukalinganisha na kilichokuwapo. Kilichokuwapo hakikufika theluthi.

Mke wangu aliweka kalamu chini, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo kila mteja anamlipia yule wa mbele yake?"

Hapo nilielewa kitu ambacho nadhani kila fundi anakijua na hakuna anayekisema. Watu hudhani fundi anaposema kesho ni mvivu au ni mwongo kwa tabia. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mimi si mvivu, naamka mapema kuliko majirani wote, na bado nimesema kesho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara nyingi kesho yangu ilikuwa na maana kwamba mteja mpya bado hajaja. Pesa ya mbao zako imekwisha, imeingia katika kazi ya mtu mwingine, na nitakapompata wa kunipa nusu yake ndipo nitakaponunua mbao zako, na yeye nitamwambia kesho.

Kujitoa humo hakukuwa kuzuri. Kwa wiki nne sikupokea kianzio cha mtu yeyote. Nilifanya kazi ndogo zinazolipwa siku hiyo hiyo: kubadilisha vitasa, kuranda milango inayokwaruza sakafu, kukaza miguu ya viti, kazi ambazo nilikuwa nimezoea kumwachia msaidizi. Niliuza mashine yangu ya pili ya randa. Wateja wawili ambao kazi zao zilikuwa nyuma zaidi niliwafuata nyumbani, nikawaeleza ukweli kama ulivyo. Mmoja alisikiliza akasema atasubiri. Wa pili alinitaka nimrudishie pesa yake yote palepale, akanitamkia maneno ambayo sitayaandika, na nilipokuwa nikitembea kurudi nilitafuta neno moja kati yake ambalo si la kweli, nikalikosa.

## Risiti na siri yake

Baada ya hapo nilidhani jawabu ni jepesi: mteja anunue vifaa mwenyewe, alipe dukani, mimi nilipwe ufundi tu. Nilijaribu mara moja. Mteja alinunua plaiwudi nyembamba kuliko niliyomwandikia, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia ni ile ile, na bawaba zikawa za milango mizito kuliko iliyokuwapo. Nilipoteza siku mbili katika safari za kubadilisha, na siku hizo hakuna aliyeona sababu ya kuzilipa. Sisemi njia hiyo ni mbaya. Kwa kazi ya kitu kimoja, kama mlango, inafaa sana. Kwa kazi yenye vifaa vya aina 20 inamfanya mteja awe mnunuzi wa kazi asiyoijua.

Njia ya pili ilikuwa mimi ninunue na kumwonyesha risiti. Hapo nikakutana na siri yangu nyingine. Katika makadirio niliyokuwa nikiwapa wateja, kwa kazi ile ile ya milango minne, nilikuwa nimeandika vifaa kuwa mafungu 63, ilhali vilinigharimu 55. Yale 8 yalikuwa ni ufundi wangu, nimeuvalisha nguo za mbao. Nilifanya hivyo, kama wanavyofanya wengi, kwa sababu mteja hukubali bei ya mbao bila kubisha, kwa kuwa mbao anaziona, lakini ufundi ukiuandika kwa bei yake halisi atakuuliza kwa nini kupiga randa kunagharimu kiasi hicho.

Risiti inafichua. Ukiamua kuonyesha risiti ni lazima yale 8 uyatoe mafichoni na kuyaandika pale yanapostahili kuwa, na ni lazima uwe tayari kuyatetea mbele ya mtu. Mteja wa kwanza niliyemwandikia ufundi kwa bei yake kamili aliondoka, ingawa jumla ilikuwa ile ile aliyoikubali jirani yake mwaka uliopita. Bado jambo hilo linaniuma. Sina hakika kwamba uwazi unalipa. Nina hakika tu kwamba siwezi kuwa na risiti katika mkono mmoja na uongo katika mkono wa pili.

## Ninakata

Masharti niliyoyaandika mwishowe yanakaa katika nusu ukurasa. Mafungu 10 ni arabuni, yaani ya kushika tarehe na kuchora. Mteja akighairi siku 7 au zaidi kabla ya tarehe hiyo, narudisha yote. Akighairi baada ya hapo, nabaki nayo. Nikighairi mimi, narudisha 20. Mstari huo wa mwisho niliuandika, nikaufuta, nikauandika tena siku ya tatu.

Mafungu 45 hulipwa siku ninayokwenda kununua vifaa, si kabla ya hapo, na jioni ya siku hiyo mteja hupata picha ya risiti. Pamoja na ile 10 yanatimia 55, gharama ya vifaa, na kuanzia hapo vifaa ni vyake. Kila ubao huandikwa jina lake kwa penseli ya rangi kwenye ukingo, ili hata nikianguka kesho, mke wangu na msaidizi wajue kipi ni cha nani. Mafungu 25 hulipwa mafremu yanapokuwa yamesimama karakana bila milango, mteja akiyaona kwa macho au kwa picha. Mafungu 15 hulipwa mlango wa mwisho ukishaning'inia, kabla sijafunga sanduku la zana. Matano ya mwisho hukaa kwake siku 14, muda ambao mbao hutulia, droo huzoea reli zake, na kasoro iliyojificha hujitokeza.

Nilikuwa makini kila malipo yafungwe kwenye kitu kinachoonekana, si kwenye tarehe wala kwenye asilimia ya kazi. Ukimwambia mteja umefika asilimia 60, atakuuliza ni nani aliyepima. Mafremu yakiwa yamesimama, yamesimama. Na deni kubwa kabisa analonibebesha mteja limeshuka: zamani nilifika siku ya mwisho nikidai 50, sasa kiwango cha juu ni 25, muda mfupi kabla ya malipo ya mafremu.

Kuna hatua moja isiyo na malipo yoyote ambayo naiona ndiyo nzito kuliko zote. Ni ya kukata. Ubao mzima ni mali; unaweza kurudi dukani, unaweza kuuzwa kwa fundi mwingine, unaweza kuwa kazi nyingine. Ukishakatwa kwa kipimo cha ukuta wa mtu, thamani yake yote imehamia kwa mtu huyo. Hata Umoja wa Ulaya, ambao katika Maelekezo yake ya 2011/83 humpa mtumiaji anayenunua kwa mbali, kama kwa simu au mtandaoni, siku 14 za kubadili nia, umeviondoa katika haki hiyo vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja. Kwa hiyo sasa, kabla ya msumeno, natuma ujumbe wenye vipimo vyote na neno moja mwishoni: ninakata. Sikati hadi nijibiwe. Msaidizi wangu huona ni mbwembwe. Juzi mteja alijibu kwamba mkewe anataka kabati lishuke sentimita 12, na msaidizi akanyamaza.

## Kuisha ni nini

Neno ambalo limenigombanisha na watu kuliko bei ni "kuisha". Nusu kazi ikiisha, tunasema, na kila mmoja hubaki na picha yake kichwani. Kwangu kazi imeisha nikikaza skrubu ya mwisho. Kwa mteja imeisha siku atakapoacha kuona kitu cha kusahihishwa, siku ambayo kwa baadhi ya watu haiji. Sasa ninaandika: milango inafunga bila kugusana, droo zinatoka hadi mwisho, hakuna mwanya unaozidi milimita 3 kati ya kabati na ukuta, na vumbi la mbao limezolewa. Nyongeza, ile ya "fundi, niwekee na karafu kamoja hapo", huandikwa na bei yake kabla ya kufanywa. Zaidi ya hayo sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba ningeliandika miaka kumi iliyopita ningekuwa na marafiki zaidi.

## Bahasha

Nilirudi kwa yule mama wiki ya tano. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kwenye kiti kile kile, na wala hakunikumbusha kwamba nilisema kesho. Aliniambia fundi mwingine alikuwa amekuja, akataka asilimia 70, na akajibu swali lake kwa kusema kwamba ndivyo kazi inavyokwenda.

Nilimpa karatasi. Alivaa miwani akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika pale pa kurudisha 20 alisimama, akanitazama juu ya miwani, akaendelea. Alipomaliza aliuliza: "Na mimi nikichelewa kukulipa?"

Sikuwa nimeandika kitu. Nilikuwa nimelifikiria, nilijua kwamba nchini Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1998, deni la kibiashara linalocheleweshwa kati ya kampuni na kampuni huongezewa riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha benki kuu, na nilijua pia kwamba mimi siwezi kumwandikia mama wa umri wake mambo ya riba. Nilimwambia hapo tutaelewana.

"Tutaelewana ndiko kulikonifanya nikuulize," alisema.

Alinyosha mkono, nikampa penseli. Chini ya mistari yangu, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika zamani na vizuri, aliandika kwamba malipo yakichelewa siku 5 fundi ataisimamisha kazi, na mteja ataipoteza tarehe aliyokuwa ameshika. Aliusoma mstari wake kwa sauti. Kisha akaileta bahasha, ile ile, akahesabu sehemu ya kumi ya bei, akairudia kuihesabu, akanipa, nami nikamwandikia risiti yenye neno arabuni na tarehe. Mfuko wangu, uliozoea nusu, uliniona nimeibiwa.

Iliyobaki aliifunga kwa mpira. Alikuwa bado ameshika penseli yangu, akaandika juu ya bahasha: *ya mbao*.